Mvua Ikinyesha, Sote Viziwi

4 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta kipindi cha tatu. Nimeijua kwa miguu kabla ya masikio: sakafu ilitetemeka, kisha nikaona wanafunzi wanainua vichwa kutazama mabati, wanafunga vitabu. Mvua ikipiga mabati ya shule hii hakuna somo. Nikageukia ubao wasinione ninavyotabasamu.

Kiangazi chote nimekuwa mtu wa "Rudia, paza sauti, mbona unaongea kama unaiba?" Mpaka mwenyewe nimejichoka. Leo darasa zima linaambiana rudia. Mvua ikinyesha, sote viziwi, na kiziwi mmoja zaidi nani atamjua?

Haya, nimeliandika. Mdogo wangu, fundi cherehani ninayeishi naye, anasema siku hizi nikiongea napiga kelele kama mnadi wa sokoni. Basi nitaongea na daftari hili, lenyewe haliniambii nipunguze sauti.

7 Machi

Nafundisha Kifaransa, na ninachojulikana nacho ni matamshi. Weka kiganja chini ya kidevu. Sema neno polepole. Kila kidevu kikigusa kiganja, hiyo ni silabi moja. Miaka yote nimefundisha hivyo, ndiyo maana wananiita Bi Kidevu na wanadhani sijui.

Wiki hii darasa la mtihani limeanza maneno yaliyooana, yale mawili au matatu yanayoishi kama jina moja. Nawaambia ni ndoa: ukihamia kwa mwenzio, kuna tabia unaiacha mlangoni. Chef akiwa peke yake f yake inasikika. Akioana na œuvre wakawa chef-d'œuvre, kazi ya ustadi, ile f inakufa na tunabaki na silabi mbili. Porte-plume, kishikio cha kalamu, e ya katikati inatamkwa. Porte-monnaie, pochi, e ileile inamezwa. Na bado kila moja ina silabi tatu. Kijana mmoja akauliza kanuni yake ni ipi. Nikamwambia kanuni ni sikio, wakacheka, nami nikafuta ubao uliokuwa safi.

9 Machi

Mvua. Chai. Kusahihisha.

13 Machi

Kuna binti mmoja dawati la nyuma, karibu na dirisha lililovunjika. Nilimwita mbele asome arc-en-ciel, upinde wa mvua. Neno jepesi, silabi tatu, ile c ya arc inarukia en na wote wanaona raha kulitamka. Yeye alisimama, kiganja chini ya kidevu kama wenzake, na kidevu hakikutikisika. Midomo ilipishana kidogo tu, kama mtu anayepuliza chai.

"Rudia," nikasema. Akarudia vilevile. "Fungua mdomo, binti!" Vilevile.

"Umekuwa bubu?"

Darasa likaangua kicheko, hicho nilikiona vizuri sana. Nikamsimamisha mpaka kipindi kiishe. Nilikuwa na hasira, na hasira zenyewe hazikuwa zake, lakini nani alimwambia anikute nazo?

14 Machi

Wameshamwita Bubu. Jina limeshika kwa siku moja.

20 Machi

Birika limeungua. Nilikuwa hatua chache kutoka jikoni nikisahihisha, na birika lile hupiga mbinja ya kuamsha mtaa. Mdogo wangu alitoka kwenye cherehani yake mbio, akazima jiko, akaja kunisimamia mbele ya uso. Siku hizi husimama mbele ya uso wangu kabla ya kusema. Sijamwomba.

"Dada, wewe husikii."

"Nilikuwa nimezama kwenye kazi."

"Juzi hodi imepigwa mpaka jirani akatoka yeye. Ulikuwa umezama wapi?"

Nikamwambia aache udaku. Akaweka birika jeusi juu ya madaftari ya watu, palepale. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akarudi kushona. Nimetazama gurudumu la cherehani likizunguka. Ile cherehani nilikuwa nikiilalamikia kwa makelele yake. Nimelia kidogo, halafu nikasugua birika.

28 Machi

Nimeenda hospitali. Nilimwambia Mwalimu Mkuu ni jino.

Wamenifungia katika chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakanivisha vitu masikioni, wakanipa kitufe: kila nikisikia mlio, nibonyeze. Kijana wa mashine alikaa ng'ambo ya kioo. Nikagundua kwamba kila anapopiga mlio, bega lake la kulia linashuka kidogo. Basi nikabonyeza kila bega liliposhuka. Nilibonyeza kwa ufasaha kabisa. Mwanafunzi wangu akiniibia mtihani namna ile ningemtoa nje kwa sikio.

Kijana akatazama karatasi yake, akanitazama mimi, akaja kukigeuza kiti changu kikaelekea ukutani. Nikakaa na kitufe mkononi nikingoja. Nilingoja mlio wa kwanza mpaka nikaguswa bega kuambiwa tumemaliza.

Daktari alinieleza akinitazama, ana adabu. Ni neva za masikio. Kifaa kitaniongezea makelele tu, maneno hakitanirudishia. Kilichobaki nacho kinaondoka. Nikamuuliza ni lini. Akainua mabega.

3 Aprili

Mvua. Mungu aiongeze.

8 Aprili

Mvua usiku na mchana, uwanja umekuwa bwawa. Nimefundisha vizuri leo, nasema kweli. Mabati yananguruma, hakuna anayemsikia mwenzake, wote tunasoma kwa videvu. Nawapita safu kwa safu nikihesabu. Mbili, sawa. Tatu, sawa, mpigieni makofi. Kijana wa mbele kabisa ana kidevu kizuri, kinashuka na kupanda kama kimefungwa springi. Nimemsifu kila siku wiki hii.

Bubu, bado kidevu hakishuki. Nimemsimamisha tena. Nikamwambia kwamba Kifaransa si lugha ya wavivu.

17 Aprili

Mwalimu Mkuu ametangaza: mtahini wa nje atakuja mwanzoni mwa Juni. Kila mtahiniwa ataingia chumbani peke yake kusoma maneno na kujibu maswali, na mwalimu wa somo atakaa pembeni, ndio utaratibu. Alama za siku hiyo ndizo zitakazoamua nani anaendelea na mchepuo wa lugha na nani anarudi nyumbani.

Nimetazama kalenda. Mwanzoni mwa Juni mvua huwa imekwisha.

25 Aprili

Bubu hanyooshi mkono tena. Nikimwita anasimama mwenyewe, bila kusoma, ananitazama tu. Nimeandika kwenye ripoti yake kwamba ana kiburi.

30 Aprili

Mvua ndogo. Nimeumwa kichwa kutwa kwa kukodolea macho midomo ya watu.

6 Mei

Leo jua limetoka asubuhi nzima.

Darasa langu na la mwalimu wa hesabu yametenganishwa na ukuta wa mbao. Ni mtu mpole, amekulia kwenye nchi wanakozungumza Kifaransa, na hajawahi kuingilia somo langu hata mara moja. Baada ya kipindi alinifuata kwenye korido, akanizibia njia. Sijawahi kumwona amekasirika.

"Dada, yule mtoto amekukosea nini?"

"Mtoto gani?"

"Unayemwita Bubu. Kila siku alisema sawasawa na kila siku ukamsimamisha, mpaka ameacha kusoma. Mimi nasikia kupitia mbao. Mvua ikipumzika nilikuwa naacha chaki nimsikilize."

Nikamwambia hafungui mdomo.

"Anasema chini. Lakini anasema kama mtu aliyezaliwa huko. Yule kijana wako wa mbele anatamka kila herufi kama anasoma bango la barabarani, ile f uliyosema haitamkwi anaipiga kama tarumbeta, na wewe unampigia makofi! Darasa zima sasa linasema kama yeye. Unafundisha nini pale ndani?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ashughulike na hesabu zake, mambo ya lugha ana cheti gani? Nilisema kwa sauti kubwa, maana niliona milango ya madarasa mengine inafunguliwa. Akanitazama usoni, kisha masikioni, polepole, kama anayetafuta kosa kwenye hesabu iliyokataa. Akasema kitu huku akiinamisha kichwa kupangusa chaki kwenye vidole. Sikukiona, kwa hiyo sikukijua. Alipoinua macho akanikuta bado nangoja, na hapo akaelewa. Mkono wake ukaenda mdomoni.

Nimekimbia. Mtu mzima, na madaftari kwapani, nimekimbia mpaka getini.

7 Mei

Nilitaka kuhakikisha. Jua tena, mabati makavu. Nikawaambia wasome orodha yote kwa pamoja, nami nikawapa mgongo, uso ubaoni, macho nimefumba.

Nikangoja waanze. Nikaona wananichelewesha, watoto hawa wamezidi dharau. Nikageuka kwa hasira kuwakaripia. Walikuwa wameshamaliza. Madaftari yamefunikwa, viganja vimeshushwa, wote wananitazama wakisubiri niwaambie kama wamepatia.

"Vizuri," nikasema.

Binti wa dawati la nyuma peke yake hakushusha macho.

8 Mei

Sikwenda kazini. Nimelala kutwa. Mdogo wangu aliniletea uji, akakaa miguuni pangu akinifinya nyayo kama tulivyokuwa tukifinyana utotoni. Nimemweleza yote, la hospitali na la binti. Hakuniambia "nilikuambia." Aliuliza tu, midomo wazi, "Na mtoto wa watu?"

15 Mei

Nimemwambia binti ahamie dawati la mbele. Akatikisa kichwa. Baada ya kipindi nilimwita pembeni nikamwambia anatamka vizuri. Akaangalia viatu vyake. Nilimwambia tena. Akasema, na hili alilisema kwa mdomo wote ili lisinipite: "Umejuaje, mwalimu?"

Ningeweza kusema kweli palepale. Nilisema, "Nenda, usichelewe kipindi."

22 Mei

Manyunyu. Nawarekebisha wengine kwa chaki: f nimeikata msalaba ubaoni, e zinazomezwa nimezifuta. Mwalimu wa hesabu anapita mlangoni kwangu na kuniinulia dole gumba, au kulishusha. Hajamwambia mtu. Nilimwomba radhi, akasema yamepita. Kijana wa mbele amenuna, hajui kosa lake, na hana kosa.

29 Mei

Mvua imekwisha.

3 Juni

Mtahini ni mwanamke mfupi, miwani mizito, kalamu nyekundu. Anaongea bila kusogeza uso, shukrani kwake. Nimekaa kwenye kona ya chumba kama utaratibu unavyotaka. Wameingia mmoja mmoja, wametoka. Kwa uso wa mtahini nilijua: huyu sawa, huyu hivihivi, huyu jamani. Kijana wa mbele ameponea chupuchupu.

Binti aliingia baada ya chakula cha mchana. Alivaa sare iliyopigwa pasi mpaka imeng'aa. Akaketi, akapewa karatasi, akavuta pumzi. Kisha akaniona kwenye kona. Nilijaribu kumtabasamia.

Aliweka karatasi mezani na kukunja mikono.

Mtahini alimwambia asome. Akamwambia tena kwa upole. Akamsogezea maji. Akanigeukia mimi: "Huyu ana tatizo la kusema?"

Nikasema hapana. Binti akainuka, akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka. Kalamu nyekundu ikaandika sifuri. Sikuhitaji masikio kuiona.

Nilimfuata mtahini jioni alipokuwa akifunga mkoba, nikamwomba amsikilize tena. Akasema sifuri haifutwi kwa huruma, inafutwa kwa sababu. Mwalimu wa somo aseme sababu mbele ya Mwalimu Mkuu, atie sahihi, na mwisho ni kesho.

Nikirudi nyumbani nimetembea njia nzima nikiwaza sababu nyingine. Homa. Msiba. Woga. Sababu tele, na mimi ningebaki na darasa langu.

4 Juni

Nilikwenda kwao kwanza, kabla ya shule. Chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, pazia badala ya mlango wa ndani. Binti alinifungulia, akaweka kidole mdomoni mara moja. Kitandani mama yake alikuwa amelala, bado na sare ya wauguzi wasaidizi. Anafanya zamu ya usiku, mchana analala. Juu ya ndoo iliyofunikwa kulikuwa na redio ndogo na daftari lake la Kifaransa, na kiti kimeegeshwa hapo karibu kabisa, pa mtu kuweka sikio.

Nikaelewa kidevu kile. Amejifunza lugha nzima pembeni ya mtu aliyelala. Ameisema chinichini kila siku asimwamshe mama yake, na mimi nilikuwa nataka aibwate.

Tukatoka nje. Nikamwambia: "Mimi sisikii. Tangu kiangazi. Nilikuwa natazama videvu tu, na chako hakishuki. Hukuwa na kosa hata siku moja. Nakwenda kulisema hili kwa Mwalimu Mkuu ili upewe nafasi tena."

Nilidhani atalia, nikajiandaa kumshika. Hakulia.

"Wananiita Bubu hata dukani, mwalimu."

"Najua."

"Mama ameuliza kwa nini wananiita hivyo. Nimemwambia ni utani."

Nikasema nisamehe. Akafuta kitu kwenye nguo yangu, nadhani ilikuwa chaki, au alitaka tu kufanya kitu na mkono. "Nitakuja kwa ajili ya mama," akasema. "Lakini wewe usikae mle ndani."

Ofisini nimesema. Niliposema "mimi ni kiziwi" Mwalimu Mkuu alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akaanza kuniuliza maswali huku akitazama dirishani, na nikamwambia, "Nigeukie, tafadhali," hapo ndipo alipogeuka, akanisogezea fomu. Nimetia sahihi. Mtahini akasema kesho asubuhi.

5 Juni

Nilisimama nje, kwenye korido, mbele ya dirisha. Binti alinipa mgongo, nilimwona kisogo na kola tu. Mtahini nilimwona uso.

Sijui alianza lini. Nilijua tu pale kalamu nyekundu ilipoacha kuandika. Mtahini aliilaza mezani. Akavua miwani, akaegemea mbele, mwanamke yule mkavu, kama mtu anayesogelea moto. Akageuza ukurasa kwa kidole kimoja, kwa uangalifu, asikatize. Mara moja akafumba macho.

Kichwa cha binti hakikusogea. Mabega hayakusogea. Kwa macho yangu mimi, palikuwa na mtoto ameketi kimya.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama karibu nami, sikio kwenye ubao wa dirisha. Nilimvuta shati. "Ikoje?" Akafungua mdomo kunieleza. Akaufunga. Akafikiria. Mwishowe akalisema polepole, ili nilione lote: "Nzuri." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hilo ndilo nililopata.

Ni mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha, na hata hilo naambiwa na watu.

21 Juni

Nimehamishiwa stoo ya vitabu. Nabandika majalada, napanga, nafuta vumbi. Mwalimu Mkuu anasema ni mpaka watakapojua la kufanya nami. Mdogo wangu anasema afadhali, kwa wiki mbili za kukaa nyumbani bila kazi nilikuwa nimezidi kumsumbua. Ananifinya nyayo kila jioni. Mwalimu mpya wa Kifaransa ni kijana, ana spika ndogo anaiweka mezani, darasa linairudia. Sijui inasema nini. Hawaweki viganja.

Binti yumo kwenye mchepuo wa lugha. Nimeliona jina lake ubaoni, jina lake halisi, juu kabisa.

Leo amepita mbele ya dirisha la stoo na vitabu kifuani. Jua kali, uwanja mkavu, hakuna hata wingu la kusingizia. Alipofika usawa wangu alipunguza mwendo. Akanitazama. Midomo yake ikapishana kidogo, hivi tu, kama anayepuliza chai, au ni jua lilimpiga akafinya uso. Akaendelea.

Nimeitikia marahaba. Kwa sauti kubwa, nadhani, maana watoto wote uwanjani waligeuka.